Jinsi ya kutafuta ukoo wenu: jina la tatu liweke pembeni kwanza

Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu swali lile lile kila wiki. Mtu ananipigia, "kaka, jina langu la mwisho ni hili, kuna mchezaji mmoja naye analo, si tutakuwa ndugu sisi?" Mwingine katuma picha ya babu yake, haina maelezo yoyote, anataka nimwambie walitokea wapi. Mi sio mtaalamu. Nimetafuta ukoo wa baba yangu miaka minne, miwili ya kwanza ikaenda yote nikifukuza jina ambalo kumbe halikuwa la ukoo hata kidogo, kwa hiyo soma taratibu usije ukarudia ujinga wangu. Mifano mingi ni ya Tanzania maana ndo ninakokujua, wa Kenya mtajiona humo humo.

Kabla hujaanza: jina la tatu sio ukoo

Sio kwa wote, ila kwa wengi. Chukua Juma Hamisi Mohamedi. Juma ni yeye, Hamisi baba yake, Mohamedi babu yake. Akizaa mtoto akamwita Ali, kitambulisho kitasoma Ali Juma Hamisi, Mohamedi kashapotea hapo. Sasa Ali akianza kuwatafuta "ukoo wa kina Hamisi" atawapata kina Hamisi nusu ya Tanga na hakuna hata mmoja anayemhusu.

Alafu kuna majina ya kuzaliwa. Usukumani na Unyamwezini Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni yule aliyewafuata mapacha, basi. Ujaluoni Otieno kazaliwa usiku, Okoth kazaliwa mvua inanyesha, Opiyo na Odongo mapacha. Ukikutana na Otieno mwenzio mnachochangia ni giza tu.

Zipo sehemu jina la ukoo linabebwa kweli. Kilimanjaro kina Massawe, Lyimo, Temu, Upareni kina Mbwambo, Msuya, Mshana, na Unyakyusani ile Mwa- ya mwanzo ni "mwana wa", kwa hiyo kuna mzee wa zamani amejificha ndani ya jina. Ila hata huko, Mchaga ukimwambia "mi Massawe" anakurudishia "Massawe wa wapi?" na hilo la wapi ndo swali lenyewe.

Na kama kwenu ni Waluguru, Wakaguru, Wamakonde, Wamwera au Wayao, ukoo kwa desturi unapita kwa mama. Sasa jina la babu litakuonyesha nini? Inabidi upande kwa mama, kwa mama yake mama, kwa mama wa huyo, na hao kinamama hakuna aliyeachwa kwenye jina la tatu la mtu yeyote. Nadharia yangu imeishia hapo.

Vitu vya kuandaa

- Kaunta buku moja kubwa. Sio vikaratasi, vikaratasi vinafungiwa maandazi.
- Simu yenye nafasi ya kurekodi saa nzima, na pawabenki. Kijijini umeme ukikatika na mzee ndo kapamba moto utalia.
- Picha za zamani, zisafishwe studio kwenye karatasi, kubwa. Wazee macho hayaoni kwenye kioo cha simu.
- Nakala za karatasi zote za nyumbani: vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo, vya ndoa, karatasi za mirathi, kadi za kazi, kadi ya chama hata kama ni ya TANU.
- Mtu anayejua lugha ya kwenu kama wewe huijui. Mi Kingoni sijui, nikalazimika kumbeba binamu.
- Nauli, sukari, majani ya chai, na kanga kwa bibi. Usiende mikono mitupu, hata kama ni kwa shangazi yako.

Hatua ya 1: Andika unachokijua, na kila mtu mpe namba

Majina yatakuchanganya haraka sana, maana kwetu mtoto anarithishwa jina la babu. Kwa Wakikuyu huu ni utaratibu kabisa, mtoto wa kiume wa kwanza anaitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, na wa kike wa kwanza kwa bibi mzaa baba, Wachaga nao wanafanana na hapo. Ndani ya vizazi 4 unaweza kuwa na watu 6 wa jina moja.

Dawa yake ni namba. Wewe ni 1, baba 2, mama 3. Baba wa mtu yeyote ni namba ya huyo mtu mara mbili, mama ni mara mbili ongeza moja. Kwa hiyo babu mzaa baba ni 4, bibi mzaa baba 5, babu mzaa mama 6, bibi mzaa mama 7. Baba yake babu mzaa baba ni 8. Ndugu zao waweke kwa herufi, 4a, 4b, kuendelea. Ukishazoea unaongea kwa namba, "huyu ni yule 8 au yule 4b?" na unashangaa uliishije bila hiyo kitu.

Pale usipojua acha nafasi wazi. Usijaze kwa kukisia, penseli ya leo kesho kutwa inasomwa kama wino.

Hatua ya 2: Panga wazee kwa foleni, mgonjwa aje kwanza

Orodhesha wazee wote walio hai wa pande zote, andika umri na afya. Anza na aliye dhaifu zaidi, sio aliye karibu na kituo cha basi. Mi nilianza na baba mkubwa wa Morogoro kwa sababu ya urahisi, mdogo wake babu aliyekuwa Songea akafariki miezi mitatu kabla sijafika. Hilo bado linaniuma.

Na usiishie kwa wanaume. Wanaume watakupa mstari, fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, kama wanasoma shairi. Kinamama ndo watakwambia nani alizaliwa nje, nani alilelewa tu, nani aliondoka usiku na kwa nini. Wifi na mashemeji, yaani walioolewa humo, nao wana hazina, walikuja wakubwa wakakuta mambo wakayashangaa, na kitu ulichokishangaa hukisahau.

Hatua ya 3: Kaa chini, uliza, nyamaza

Omba ruhusa ya kurekodi. Weka simu kwenye kigoda juu ya kitambaa, usiiweke chini, itarekodi kuku. Mwanzoni sema tarehe, mahali, na nani anaongea. Nina sauti 11 za mwanzo ambazo hadi leo sijui ni za nani, zimeandikwa "Rekodi 004" mpaka "Rekodi 014".

Maswali yanayozaa:

- "Huyo ni tumbo moja na babu, au baba mmoja mama mbalimbali?" Hili ni muhimu kuliko yote, kwa sababu sisi baba mkubwa ni baba, mama mdogo ni mama, na bibi ni kila mwanamke mwenye mvi. Usipouliza tumbo utachora mti wa watu 40 wenye baba mmoja.
- "Alikuwa anaitwaje utotoni? Na kazini? Na msikitini au kanisani?" Mtu mmoja anaweza kuwa na majina manne.
- "Kwenu mlikuwa hamli nini?" Mwiko wa ukoo hukaa kichwani hata jina likipotea. Kwa Wahaya na Waganda mzizi wa ukoo uko hapo hapo kwenye huo mwiko.
- "Nani alikuja kuwatania msibani?" Watani wanajua ukoo wenu kuliko nyie.
- "Walihama lini, na walimwacha nani kule?"

Sasa nikwambie ilivyonitokea mimi. Jina letu la tatu ni Mohamedi. Babu alifanya kazi mkonge Muheza, nikaamini sisi ni watu wa huko huko, nikazunguka miaka miwili natafuta kina Mohamedi. Siku moja niko uani kwa shangazi, anachambua mchele kwenye ungo, namuuliza kwa mara ya kumi babu alitokea wapi, ananijibu kama kawaida "we mtoto, ya kale hayanuki". Nikampa ile picha ya babu niliyokuza. Akaacha kupepeta. Akaiweka kwenye ungo juu ya mchele, akaiangalia sana, akasema, "siku anazikwa alikuja mzee mmoja kutoka kambi ya chini, kalia hadi kaanguka, na alikuwa hamuiti Mohamedi." Nikauliza alimuita nani? Akalitaja, mara moja tu, akarudi kupepeta mchele wake.

Lile jina lilikuwa chiwongo, yaani jina la ukoo la Kingoni. Huyo mzee alikuwa manamba mwenzie.

Kwa wasiojua, manamba ni wale vibarua waliobebwa kutoka mbali, Songea, Njombe, Kigoma, hadi Rwanda na Burundi, wakaletwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wanaitwa kwa namba, ndo jina likatoka hapo. Mtu anafika, anapewa kipande, yaani kadi ya kazi, siku zake 30 zinahesabiwa, karani anaandika jina analolisikia yeye. Wengi walisilimu huko huko wakachukua jina jipya. Kwa hiyo kama babu yako alipita mkonge, reli, au jeshini, chukulia jina lake la kwenye kitambulisho ni la nusu ya pili ya maisha yake tu.

Angalizo: usimkatize mzee kumsahihisha mwaka. Na usilete ndugu 9 kwa mpigo, wataanza kubishana wao, mzee anyamaze ale karanga zake.

Hatua ya 4: Geuza habari kuwa miaka

Mzee hatakwambia 1943. Atakwambia "nilikuwa nachunga mbuzi" au "nilikuwa mgongoni". Chukua tukio lenye mwaka unaojulikana, muulize alikuwa na ukubwa gani, alafu toa. Anayechunga mbuzi mkadirie miaka 7 hadi 12, wa mgongoni chini ya 2.

Matukio ninayoyatumia: vita vya Maji Maji 1905 hadi 1907. Vita ya Mjerumani na Mwingereza 1914 hadi 1918, humo wapagazi walibebeshwa mizigo mpaka wakafa kwa maelfu (Kariakoo ya Dar imeitwa hivyo kwa ajili ya kikosi chao). Ugogoni ile njaa ya Mtunya, 1917 mpaka 1920. Kuondoka kwa rupia na kuingia kwa shilingi, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Vita ya pili, waliokwenda Burma na Keya, lile jeshi la Mwingereza la Waafrika (KAR). Kenya, hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Uhuru wa Tanganyika 9 Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar 12 Januari 1964, Azimio la Arusha 1967, Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970, vita ya Kagera 1978 na 1979, kuzama kwa MV Bukoba 21 Mei 1996, mvua za El Niño 1997 kuingia 1998.

Vizazi ukikosa kabisa cha kushika, hesabu miaka 25 hadi 30 kwa kizazi, na andika "karibu" mbele yake. Kwenye ndoa za wake wengi hesabu hii inadanganya, mtoto wa mwisho wa mke wa nne anaweza kuwa mdogo kuliko wajukuu wa mke mkubwa.

Hatua ya 5: Sasa ndo makaratasi

Watu wanakimbilia RITA kwanza, ile ofisi ya vizazi na vifo ya Tanzania. Vyeti vya kuzaliwa vinasaidia kwa baba na mama, ila babu zetu wengi walizaliwa vijijini hawakuandikwa popote na serikali. Kwa kizazi cha babu karatasi nzuri ziko hizi:

*Jalada la mirathi.* Hii ndo siri yangu kubwa. Mtu akifa familia inakaa kikao, wanaandika muhtasari, wanaupeleka Mahakama ya Mwanzo kumteua msimamizi wa mirathi. Huo muhtasari una majina ya waliohudhuria, uhusiano wao na marehemu, na sahihi au dole gumba. Wake na watoto wote wametajwa, hata wale ambao nyumbani hawatajwi. Muulize aliyekuwa msimamizi, mara nyingi nakala iko chini ya godoro. Kama hana, nenda mahakamani na jina la marehemu na mwaka, omba namba ya shauri.

*Daftari la ubatizo.* Misheni zilifika mapema, na zilikuwa zinaandika watu. Rabai tangu miaka ya 1840, Bagamoyo 1868, Kashozi kule Bukoba 1892, Machame 1893, Peramiho 1898. Cheti cha ubatizo cha Kikatoliki kina namba ya daftari, ukiwa nayo katibu wa parokia anakupata ndani ya dakika kumi. Ukiwa huna, nenda na jina, jina la baba, na miaka mitano ya kupekua. Daftari za zamani ni Kilatini: *natus* kazaliwa, *filius* mtoto wa kiume, *filia* wa kike, *patrinus* ni msimamizi wa ubatizo. Angalia na pembeni ya ukurasa, ndoa huongezwa pale hata kama ilifungwa parokia nyingine.

Nilipompata babu, kwenye parokia moja huko Ruvuma, alikuwa na jina la mtakatifu, jina la Kingoni, na lile chiwongo la shangazi. Wino umekuwa rangi ya chai. Wenzie wa ukurasa ule karibu wote pembeni pana ndoa, yeye pembeni pako tupu. Kashaondoka kwenda mkonge, huko akaoa kwa nikaha, kanisani hawakusikia tena habari zake.

*Nikaha.* Muulize sheikh wa msikiti wa eneo, au ofisi ya kadhi ukiwa Zanzibar au Kenya. Hati ya ndoa inamtaja walii, na walii kwa kawaida ni baba, babu au kaka wa mwanamke, hapo umepata upande wa bibi ambao siku zote ndo mgumu.

*Wasifu wa marehemu.* Ile karatasi inayosomwa msibani. Ziko kwenye Biblia, kwenye kabati la vyombo, nyuma ya picha. Kenya matangazo ya vifo magazetini yanataja ukoo mzima, mwana wa marehemu fulani, kaka wa fulani, mjomba wa fulani, ni dhahabu tupu.

Angalizo: mwaka wa kuzaliwa kwenye karatasi ya zamani mara nyingi ni wa karani. Ukiona watu wengi wa kijiji kimoja wamezaliwa 1 Januari, au 1 Julai, ujue hiyo.

Hatua ya 6: Nenda kwenyewe

Toa taarifa kabla. Pitia kwa mwenyekiti wa kijiji au balozi wa nyumba kumi, jieleze, na uende na mtu anayejulikana pale. Mi safari ya kwanza nilitokea tu na begi na kaunta buku, naulizia mipaka ya mashamba ya zamani ili nijue babu alikaa wapi. Jioni wakaitisha kikao. Mzee mmoja akaniuliza mbele za watu, "wewe umekuja kudai shamba?" Ilibidi nisome orodha yangu yote ya majina hadharani wakanielewa. Kwa hiyo neno shamba usilitamke siku ya kwanza.

Tafuta makaburi. Yenye saruji yana tarehe, piga picha zote hata usiowajua. Ya zamani hayana maandishi, unaonyeshwa kwa mti. Uchagani angalia masale, yanapandwa mpakani na kaburini. Na kumbuka Operesheni Vijiji iliwahamisha watu, kijiji cha leo sio walipozikwa wazee. Uliza "mahame yetu yako wapi?" Mara nyingi ni mwembe mmoja mkubwa porini na vigae vya vyungu chini yake. Simama pale, washa ramani ya simu, hifadhi alama, maana mwembe nao utakatwa mkaa.

Muulize mzee wa ukoo ana orodha gani kichwani. Atakapoisema irekodi mara mbili, siku tofauti. Zikifanana, safi.

Ukiwa Songea pita Makumbusho ya Majimaji. Viongozi wa Kingoni walionyongwa 27 Februari 1906 wamekumbukwa pale, na familia nyingi za huko mstari wao unakatika ghafla kwenye mwaka huo.

Hatua ya 7: Nyaraka za Taifa, ukiwa na jina la mahali

Usiende hapa mapema, utazama. Nenda ukishajua wilaya, jina la chifu au jumbe, na miaka. Tanzania Bara ziko Upanga, Dar es Salaam, Zanzibar ziko Kilimani, Kenya ziko Moi Avenue, Nairobi. Piga simu kwanza uulize kibali na ada. Omba vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza, maafisa waliandika humo koo za eneo, machifu na majumbe waliofuatana, na mara nyingine hadithi za walikotoka. Wasomee kwa tahadhari, waliandika walichoambiwa na chifu aliyekuwepo, na chifu aliyekuwepo hakuwa mjinga.

Mafaili ya Mjerumani yapo pia, ila ukiyaona maandishi yake utarudi nyumbani. Jifunze tahajia tu: sch ni sh, tsch ni ch, dsch ni j, na j yao ni y. Wanjamwesi ni Wanyamwezi, Muansa ni Mwanza, Aruscha ni Arusha. Miji mingine ilipewa jina jingine kabisa, Lushoto ilikuwa Wilhelmstal.

Hatua ya 8: Chora, gawa

Karatasi ya kalenda ya zamani, upande wa nyuma, na penseli. Kompyuta baadaye. FamilySearch ni bure na inahifadhi miti ya familia mtandaoni, Gramps ni programu ya bure inayokaa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Walio hai usiweke tarehe zao za kuzaliwa hadharani, matapeli wa mikopo wanazipenda sana.

Grupu la WhatsApp la ukoo fungua, ila litumie kutangazia vikao na kukusanyia picha tu. Kukusanya historia kule haiwezekani, mtu anatuma jina la bibi yenu, dakika hiyo hiyo inaingia "amina", "asubuhi njema wana ukoo", na video ya mchungaji.

Ukikwama

*Jina halionekani kwenye daftari.* Jaribu L na R, Rugemalira na Lugemalila ni mtu mmoja. Jaribu herufi moja na mbili, Massawe na Masawe. Jaribu kigango au parokia mama, wakati ule misheni moja ilihudumia nusu ya wilaya. Mwisho tafuta kwa jina la mama au la msimamizi.

*Mkoa haueleweki.* Mipaka imehama. Njombe, Geita, Simiyu na Katavi ni mikoa tangu 2012, Songwe 2016, Manyara 2002. Karatasi ya babu ikisema Iringa inaweza kuwa Njombe, na enzi ya Mwingereza yote mawili yalikuwa ndani ya jimbo moja kubwa la Nyanda za Juu Kusini.

*Wazee wawili wanapingana.* Andika yote mawili, na jina la aliyesema. Usiamue mbele yao. Jiulize nani alikuwepo na nani alisimuliwa.

*Wote wamekufa.* Tafuta rika lao: waliotahiriwa nao, waliofanya nao kazi, majirani, watani. Mimi nimefunguliwa mlango na mzee aliyelia msibani ambaye hakuwa ndugu.

*Familia haitaki kuongea.* Kuna kitu. Inaweza kuwa shamba, mtoto wa nje, au utumwa. Pwani hili la utumwa ni zito, hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922, kwa hiyo sio mbali, ni babu wa mtu aliye hai. Walioachwa huru wengine walichukua jina la ukoo wa bwana wao, ndo maana nyumba mbili za jina moja la Kiarabu pengine hazina damu moja. Usilazimishe na usiliandike kwenye grupu. Rudi mwakani na kanga nyingine.

*Nipime DNA?* Kama una hela. Itakupa asilimia za maeneo na majina ya jamaa waliopima, na wengi waliopima wako Marekani na Ulaya. Chiwongo haitakwambia.

*Nimempata mwenye ukoo wetu, anaomba hela.* Ndugu wa kweli naye anaomba, hicho sio kipimo. Muulize jina la 8 na mwiko wa nyumba, asipojua vyote viwili mnunulie soda muagane vizuri.

*Nikishaupata ukoo nibadilishe jina?* Usumbufu. NIDA, benki, vyeti vya shule, vyote vinatakiwa vifuate. Mi nimebaki na Mohamedi wangu, ni jina la babu, alilichagua mwenyewe. Mwanangu wa mwisho ndo nimempa lile la shangazi, na kwenye cheti karani kaandika L badala ya R, nimeshakwenda mara mbili kurekebisha.